Kaburi la Uduvi, Pwani ya Mtoni

Mjukuu wangu Suleiman anafanya kazi hotelini Kiwengwa. Anavaa shati jeupe, anabeba sinia la vinywaji kwa mkono mmoja mbele ya wageni, na akirudi hapa nyumbani Michenzani hawezi kujitilia hata chai. Juzi kanambia kwamba wageni, kabla hawajatia mguu baharini, humuuliza kama kuna papa. Yeye huwajibu kuwa hakuna, wasiwe na wasiwasi. Nikamwambia, "Waambie walikuwapo."

Alidhani namtania. Basi na nikuelezeni nyote, maana naona mnazeeka hamjui kitu, na mimi siku zangu za kueleza zinakwisha.

Nilikuwa mpika sifa. Msicheke bado, ngojeni kwanza mjue ni kitu gani. Nyinyi mmezoea rangi za mikebe. Zamani chombo cha mbao kilipakwa mafuta ya ini la papa ili mbao zisipasuke kwa jua wala zisioze kwa maji, na mafuta hayo ndiyo sifa. Kila chombo mlichokiona kwenye picha za kizamani kinang'ara pale Malindi, kuna mtu mahali fulani alisimama juu ya chungu akikoroga ini. Miaka ya hamsini mtu huyo nilikuwa mimi, pwani ya Mtoni, nje kidogo ya mji, kwa sababu watu wa mjini walitaka vyombo ving'are kwao na harufu ikae kwetu.

Harufu yenyewe sina maneno yake. Nilioga kwa ndimu, nikajifukiza udi, nikalala na karafuu chini ya mto, na bado nikipita Malindi paka walinifuata kama nimewazaa. Nikipanda gari la abiria, watu walifungua madirisha yaliyokwisha funguliwa. Bibi mmoja wa mjini, kajitanda baibui la hariri, alipata kuniuliza kwa upole, "Mwanangu, una maradhi gani?" Nikamjibu, "Nna kazi, bibi." Mume wangu alikuwa ameniacha kabla sijaanza kupika sifa, kwa hiyo yeye hana hata kisingizio hicho.

Nilipoachika nilimwendea Bi Mize. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mweusi wa kung'aa, na macho yake hayakumwamini mtu mpaka athibitishe. Mahali pa kupikia palikuwa pake, kapewa na mama yake, na mama yake kapewa na mama yake: vyungu vikubwa vya udongo, banda la makuti na kisima cha maji ya chumvichumvi. Wanaume walivua na wanaume walipaka, lakini hapo katikati, penye moto na harufu, paliachiwa wanawake, na hakuna aliyepagombea. Kumbukeni hilo, maana baadaye palikuja kugombewa.

Siku yangu ya kwanza niliwasha moto mkubwa ili nionekane hodari. Bi Mize akaja, akautazama, akanitazama na mimi.

"Unapika ini au unachoma nyumba?"

"Nataka liwahi kuiva, Bi Mize."

"Ini la papa haliwahi. Papa mwenyewe hakuwahi kukua, ndo ini lake liwahi kuiva?"

Akautoa moto wote, akanionesha. Sifa hupikwa kwa vifuu na makumbi ya nazi, moto mdogo wa kuvumilia. Unalikata ini vipande, unatia maji kidogo chini ili lisishike, na unakoroga polepole kwa mwiko mrefu, huku umesimama upande upepo unakotoka, si unakokwenda. Mafuta hupanda juu yenyewe. Unayaengua, unayachuja kwa kipande cha kanga kuukuu, unayaacha yatulie. Ukiona moshi mweusi, ushaharibu. Sifa iliyoungua haikauki juu ya mbao: hunatanata, nzi hukusanyika, na baharia akiegemea huacha kanzu yake hapo. Ini jema ni la rangi ya maziwa yaliyotiwa manjano kidogo. Jekundu na jembamba ni la papa aliyeshinda na njaa, hilo hata paka wa Malindi walilitazama mara mbili.

Kazi ile ilinifunza pia kutomwamini mvuvi. Papa hutoka baharini ana pima mbili, yaani mikono miwili iliyonyooshwa mara mbili. Akifika Malindi ana tatu, akifika Darajani ana nne, na akisimuliwa barazani Ng'ambo ati hakuenea kwenye uchochoro. Sisi ini lilitufikia mikononi, na ini linajua mwenyewe alikuwa mkubwa kiasi gani. Basi aliyekuja na maneno ya pima nne na ini la pima mbili, Bi Mize alilipokea kwa mikono miwili akasema, "Maskini, huyu papa wako alikuwa mkubwa mwili mzima isipokuwa ndani."

Na tulijua mengine, kwa kupasua. Papa si kama samaki wengine wanaomwaga mayai kama mchele. Papa wengi huzaa watoto waliokwisha timia, wachache, baada ya mimba ndefu kuliko ya mwanamke, na mtoto huyo huchukua miaka na miaka naye mpaka aweze kuzaa. Majike makubwa huja maji madogo, karibu na mikoko, kujifungua. Hapo ndipo wavuvi walipowangojea na majarife, zile nyavu zao nene za papa, kwa sababu jike mwenye mimba ni mzito na ini lake ni nono. Halafu baada ya miaka walikuwa wakikaa barazani wakiulizana papa wamekwenda wapi, wamehamia Pemba au wamerogwa. Bi Mize hakupokea ini la jike mwenye mimba. Walimcheka, wakamwita mkunga wa papa. Wengine waliwatoa watoto tumboni njiani, wakawatupa, wakaleta ini peke yake, na yeye alijua na akalirudisha vilevile.

Tulijua na tabia zao. Kuna papa usingizi, anayelala mchana kutwa chini ya mwamba na hamuudhi mtu asiyemkanyaga. Kuna yule mwenye mistari ubavuni, anayekula chochote. Tumboni mwake tulipata kukuta kiatu cha mguu mmoja, kichwa cha mbuzi na kipande cha gunia, na huyo mimi mwenyewe nisingeoga naye. Na kuna mkubwa kuliko wote, papa shilingi, ambaye wengine humwita potwe. Mgongo wake una madoa meupe kama aliyemwagiwa sarafu. Ni mrefu kupita ngalawa mbili zilizotiwa mkia kwa kichwa. Anakwenda juujuu, pole, kinywa wazi, anakula uduvi. Hao ni kamba wadogo wadogo, wale mnaowatia kwenye bamia. Samaki mkubwa kuliko wote baharini kwetu, na koo lake chungwa halipiti.

Mmoja wao alikuwa akija kila mwaka mbele ya pwani yetu, msimu uduvi wakijaa. Tulimjua kwa pezi lake la mgongoni, lililokatika ncha. Bi Mize alimwita Bibi Shilingi. Alioneshwa na mama yake alipokuwa mtoto, na mama yake alisema kwamba yeye naye alimkuta, na pezi lilikuwa limeshakatika. Hesabuni wenyewe umri wake, mimi nilisoma chuo cha Kurani tu. Akija, Bi Mize aliacha mwiko, akaenda mpaka maji yakamfika magotini, akasimama kumtazama mpaka apite. Ndio wakati pekee nilipomwona akiacha chungu motoni bila mtu.

Sasa tuje kwa mume wake.

Vuai alikuwa mvuvi wa jarife, mzuri wa uso, mvivu wa mikono. Tangu nimjue, alipenda kununua kamba. Kulikuwa na mwanamke mmoja wa Kiwengwa aliyekuja Mtoni kuuza kamba za makumbi, amesokota mwenyewe, na Vuai alikuwa mteja wake. Nyumba ya Bi Mize ikajaa kamba: uvunguni kamba, darini kamba, nyuma ya mlango kamba. Bi Mize aliniambia siku moja tukikoroga, "Kazija, mume wangu ama anataka kuifunga dunia isikimbie, ama kuna kitu anakifungua." Mwanamke mwenzio akisema neno kama hilo, unakoroga tu.

Siku moja, msimu wa uduvi, Vuai alitoka alfajiri na ngalawa yake kwenda kutazama jarife. Jua lilipopanda ngalawa ikaonekana inaelea peke yake mbali kidogo na pwani, shati na kofia ya mwenyewe ndani, na mwenyewe hamna. Na karibu yake, kinywa wazi, pole kama kawaida yake, Bibi Shilingi.

Pwani nzima ilikuwa na macho, lakini macho ya Mcha ndiyo yaliyoona haraka zaidi. Mcha alikuwa ndugu yake Vuai, mdogo wake, mtu wa sauti kubwa. Kwa muda mrefu alikuwa akizungukazunguka vyungu vyetu. Hakuipenda harufu, hapana. Alikuwa ameona kuwa vyombo vya kupaka vinazidi na wapikaji ni sisi tu.

"Papa kamla ndugu yangu," akapiga kelele. "Yule pale, bado kinywa hajafumba."

Bi Mize akasema, "Huyo hali mtu. Hata wewe unajua, Mcha. Kila mvuvi hapa anajua."

Na kweli kila mvuvi alijua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ungewauliza mmojammoja jana yake, kila mmoja angekwambia kuwa papa shilingi ni mpole kuliko ng'ombe. Lakini siku hiyo kulikuwa na mtu aliyepotea na mnyama mkubwa, na watu wakiwa wengi pamoja hawaulizi meno, wanauliza ukubwa. Wakaingia ngalawani na mikuki. Hakukimbia, maana hajawahi kukimbizwa na mtu. Walimchoma kwa zamu. Alipovutwa mpaka ufukweni alikuwa bado akifungua na kufumba kinywa, na madoa yake yalianza kufifia moja baada ya moja. Nilisikitika kuliko nilivyosikitika nilipoachwa na mume. Nasema kweli.

Wakampasua. Sisi tulikuwa pale, kwa sababu tumbo la papa ni kazi yetu. Tumboni hamkuwa na kidole wala kipande cha kikoi. Mlikuwa na uduvi, rojo la rangi ya waridi, tele.

Bi Mize akasema, "Mmeona?"

Mcha akainama, akachota lile rojo kwa kiganja, akalitazama, machozi yakamtoka. Akasema, "Kamsaga."

Wallahi alisema hivyo. Na mtu mmoja akaitikia, "Inna lillahi," na wa pili akaitikia, na kufika wa tatu ilikuwa imeshakuwa kweli. Ikaletwa sanda. Wakakifunga kitoweo kile kwenye nguo nyeupe, wakakitia kwenye jeneza, wakakibeba mabegani watu wazima wenye ndevu, na kilikuwa kikivuja njiani na kuku wakikifuata. Wakaenda kumwita Maalim wa msikiti wa Mtoni aje kuswalisha.

Maalim alikuwa mzee mkavu, mpole, hana haraka. Akafunua pembe ya sanda, akanusa.

"Mnataka nimswalie nani?"

"Vuai, Maalim."

"Mimi sioni maiti hapa. Naona kitoweo."

"Maalim, kasagwa."

"Basi na mimi siswalii kilichosagwa mpaka nijue kilikuwa nini. Huyu mtu kapotea. Aliyepotea hutafutwa, hazikwi." Akafunika, akarudi zake ndani.

Wakamzika bila ya Maalim. Kaburi wakalichimba pembeni ya minazi, wakaliwekea mawe. Hitima ikapikwa, sahani zikazunguka, na waliolia zaidi ndio waliokula zaidi. Mnaweza kuuliza kwa nini watu wazima walifanya hivyo. Mimi nimefikiri miaka mingi na nimepata jibu moja tu: ilikuwa raha kwa kila mtu. Familia yake Vuai ilipata shahidi aliyekufa kazini badala ya mume aliyetoroka. Wavuvi walipata cha kusimulia, na papa yule alifika pima kumi kabla wali haujapoa. Mcha alipata ini kubwa kupita yote yaliyowahi kuletwa Mtoni. Waliopata hasara walikuwa wawili, Bi Mize na samaki, na samaki hakuulizwa.

Maana mnaelewa nini kilifuata. Mwanamke akifiwa na mumewe hukaa eda, miezi minne na siku kumi. Mcha akaja na wanawake watu wazima wa familia yao, wakamkalisha Bi Mize ndani, wakamvisha nyeupe. Naye alipinga, alisema mume wake hajafa, na wao wakasema huzuni imemchanganya akili. Jinsi alivyopinga zaidi ndivyo walivyomhurumia zaidi. Hakuna kitu kibaya kama kuhurumiwa na watu waliokutia ndani.

"Na vyungu vyangu?" akauliza.

"Vyungu usitie shaka," Mcha akasema. "Mjane haonekani pwani. Mie nitakuangalizia."

Alivyoviangalia ndivyo hivi. Siku ya pili tu alivisukuma pembeni, akaleta pipa la chuma lililokatwa nusu, na magogo ya mwembe chini yake. Akaniambia kuwa mambo ya vifuu ni ya kizamani, ya kike, na yeye atamaliza kwa siku moja kazi ya wiki. Nilibaki kufanya kazi chini yake kwa sababu nilikuwa nahitaji kula, na kwa sababu Bi Mize aliniambia nibaki. Jioni nilipita dirishani kwake kumpa habari.

"Moto wake vipi?"

"Mkubwa, Bi Mize. Moshi mweusi mpaka Bububu."

"Ini la Bibi Shilingi kalitia?"

"Kalitia lote mara moja."

Akasema, "Wamemuua kwa ajili ya mafuta, na mafuta yenyewe hawakuyapata." Nilimwona akijifuta macho kwa upindo wa ile nguo nyeupe. Kwa Vuai sikuona chozi, lakini kwa yule papa alilia.

Na ilikuwa kama alivyosema. Sifa ile ilitoka nyeusi, yenye harufu ambayo hata mimi niliikimbia, na mimi nilikuwa sikimbii harufu. Mcha akaiuza hivyohivyo. Vyombo vilivyopakwa vilinatanata msimu mzima. Nahodha mmoja alikaa juu ya ukingo wa chombo chake kuzungumza na mteja, na alipoinuka, kikoi hakikuinuka naye. Walikuja kumtafuta Mcha na magongo, akajificha bandani mwetu, nyuma ya vyungu vya Bi Mize. Vilimfaa kwa hilo. Na katikati ya hayo yote akatuma posa: eda ikiisha, yeye yuko tayari kumsitiri mke wa ndugu yake. Alitaka apate pahala na mwenye pahala kwa pamoja, maana alikuwa ameshaona kuwa kupika hajui.

Bi Mize hakujibu posa. Alisema tu, "Mwambie asubiri nitoke."

Siku ya kutoka eda ikafika. Wanawake tulikusanyika tangu asubuhi. Tulimwogesha, tukampaka udi, tukamvisha kanga mpya. Mcha alikuwa uani na wanaume, kavaa kanzu safi, anangojea jibu lake. Maalim alikuwapo pia, kaalikwa kwa dua. Chakula kilikuwa kinapakuliwa. Ndipo mlango ukasukumwa, akaingia mtu kakonda, miguu imejaa vumbi jeupe la njia ya mashamba, begani kabeba bunda la kamba.

"Hodi," akasema Vuai. "Mna nini leo? Nimesikia harufu ya wali tangu barabarani."

Mwanamke mmoja aliangusha sinia. Mwengine alianza kusoma ayatul kursiy. Mimi nilimtazama Bi Mize, na Bi Mize alikuwa hakushtuka hata kidogo. Aliinuka, akatengeneza kanga yake.

"Ulikuwa wapi?"

"Kiwengwa," akasema Vuai, na kwa kuwa alikuwa na njaa, akasema kweli yote. Siku ile alitia nanga Bububu, ati atembee mpaka Kiwengwa mara moja kutazama kamba. Shati na kofia aliviacha ngalawani visiingie vumbi, maana alikuwa na nguo nzuri zaidi alizotaka aonekane nazo. Ngalawa hakuifunga vizuri, ikachukuliwa na maji. Mtu aliyenunua kamba za Unguja nzima hakukifunga chombo chake. Kule Kiwengwa akasikia kwamba kafa, kaliwa na papa, na akaona ni jambo la kupumzisha. Mpaka juzi, mwenye kamba alipochoka kumlisha.

Bi Mize akatoka mpaka uani, mbele ya wanaume wote, Vuai nyuma yake. Akasema, "Mcha. Mwangalie vizuri mtu huyu. Unamjua?"

Sasa angalieni shida ya Mcha. Akisema huyu ni ndugu yangu, basi alizika uduvi, akamfungia ndani mke wa mtu aliye hai, akaposa mke wa nduguye, na pahala pa kupikia arudishe leo hii. Akatazama upande wa pwani, vyungu vilipo. Akasema, "Simjui."

"Mcha," akasema Vuai. "Mimi Vuai. Tumenyonya ziwa moja."

"Ndugu yangu kaliwa. Nimemzika kwa mikono yangu."

Vuai akamrukia. Walipigana katikati ya sahani, maiti na mfiwa, wali ukaruka, na tulipowatenganisha Vuai alikuwa na nusu ya kanzu ya Mcha mkononi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Maalim peke yake hakucheka. Alingoja kimya kirudi, akasema, "Mimi nilikwambieni toka siku ile. Na nilitaka kusema pia kuwa mjane asiye na wa kumlisha anaweza kutoka mchana kwa kazi yake. Hamkunisikia kwa kelele za sahani. Huyu ni Vuai, yu hai, na huyu ni mkewe."

Vuai akatabasamu, akanyoosha mkono kuelekea kwenye wali.

"Ngoja," akasema Bi Mize. "Mie watu wote hawa wamenishuhudilia kuwa umekufa. Nimekukalia eda mpaka mwisho, haikupungua siku. Sasa chagua. Ukitaka kuwa hai, nipe talaka yangu hapahapa, mbele ya Maalim. Ukitaka kufa, kaburi lako lipo tayari pale minazini, na nduguyo anajua kuzika."

Vuai alimtazama Maalim. Maalim akatazama kanzu yake. Vuai akamtazama Mcha, akaona kuwa yule yuko tayari kabisa. Akatoa talaka, kabla hata ya kula.

Basi Bi Mize akakaa eda ya pili, ya talaka. Ndiye mwanamke pekee niliyemjua aliyekaa eda mbili kwa mume mmoja. Lakini safari hii Maalim alisimama barazani akalisema neno lake kwa sauti, na mchana Bi Mize alikuwa kwenye vyungu vyake, mwiko mkononi. Pipa la Mcha tulilisukuma mpaka majini. Kamba za Vuai zote tulizitumia kufungia makuti ya banda, na nakwambieni zilikuwa kamba nzuri, yule mwanamke wa Kiwengwa alijua kazi yake.

Kaburi likabaki. Mawe yake yalikuwapo miaka mingi, na waliokuja baadaye hawakujua ni la nani. Niliwahi kumkuta bibi mmoja kaliwekea maua na anaomba mwanawe apate kazi. Sikumwambia kitu. Mtoto alipata kazi, na uduvi wakapata sifa.

Mcha aliendelea kuishi, watu wa aina ile hawafi mapema. Vuai naye alirudi kuvua, na akizeeka ndivyo alivyozidi kusimulia barazani jinsi alivyomezwa na papa akatoka. Vijana walimsikiliza vinywa wazi. Sifa ilianza kukosa wateja zilipokuja rangi za mikebe na vyombo vya mashine, na mimi nikahamia kazi nyengine isiyonuka, ambayo sikuipenda hata nusu ya ile.

Lakini mwaka uliofuata baada ya Bibi Shilingi kuuawa, msimu ulipofika, uduvi walijaa mbele ya Mtoni kama kila mwaka. Maji yalikuwa yamegeuka rangi, ndege wamejaa juu yake. Bi Mize aliacha chungu motoni, akaenda mpaka maji yakamfika magotini, akasimama. Nilikoroga badala yake. Alisimama siku ile, na ya pili, na kila siku mpaka uduvi walipokwisha, na mwaka wa pili yake alisimama tena. Wavuvi waliokuwa na mikuki siku ile walipita nyuma yake bila ya kumsalimu, wakajifanya wanatazama nyavu.

Ndio maana, Suleiman, wageni wako wakikuuliza, usiwajibu haraka. Vuai alisemekana kaliwa, na alirudi. Bibi Shilingi hakurudi.